Nyuma ya Daftari la Michango

Usiku wa pili wa matanga, Katuba,
umeme ulikatika tukiwa katikati ya majina.
Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Mbele, michango: Mama Feza, franga elfu tano;
wanakwaya, mfuko wa unga;
Nkulu wa gereji, ahadi tu.
Nyuma, kwa kalamu hiyohiyo, naandika ukoo,
maana aliyekuwa akiukariri
tumemzika leo saa tisa
na vumbi lake bado limo viatuni.

Anzia juu, akasema mjomba Kyungu.
Juu kabisa yupo Kalunde.
Alitoka Unyamwezi enzi za misafara,
kabla ya reli, kabla ya bomba la moshi,
Lubumbashi ikiwa jina la mto tu
na vichuguu virefu kuliko nyumba.
Miezi mitano kwa miguu.
Alijifungua njiani alfajiri,
jua lilipopanda alikuwa amekwisha kunja mkeka.
"Wanaume walichoka," akasema mjomba,
"yeye akaongoza."

"Akaongozwa," akasema shangazi Mujinga kutoka gizani.

Herufi moja.
Ikakaa kati yao kama mgeni
ambaye hakuna aliyemvutia kiti.
"Kwa kamba?" akauliza kijana mmoja.
Mtu akachochea makaa.
Mtu akakohoa.

Niliandika *akaongoza*,
kisha ile *w* nikaichomeka juu, ndogo,
ili anayetaka aisome
na asiyetaka aseme ni doa la wino.

Lipo jembe lake. Hilo halibishaniwi.
Alilibeba kichwani kutoka kwao
na sasa limelika limekuwa kama kijiko;
marehemu alilitumia kukwangulia majivu,
na mwaka ule wanunuzi wa vyuma walipopita na mizani
alilikalia, akawaambia hana kitu.

Binti wa Kalunde aliolewa na mfua shaba.
Mjukuu alikwenda mgodini akiwa na jina,
akarudi na namba: 4117.
Kitukuu alirithi kikohozi na baiskeli.
Kisha marehemu. Kisha sisi,
watu kumi na wanane na mshumaa mmoja.

"Andika kwamba alikuwa wa kwanza," akasema mjomba.
"Kabla yake hapa palikuwa pori."

Kalamu ikagoma.
Mtu hafiki wa kwanza
mahali anapokuta moto unawaka.
Marehemu mwenyewe alinisimulia, tukitwanga sombe:
alikuwapo mwanamke Msanga kando ya mto
aliyetazama miguu ya Kalunde ilivyopasuka
na kabla hajamuuliza ametoka wapi
akamsugulia mafuta.
Ndiye aliyemwonyesha chumvi inakopatikana,
uyoga upi ni kitoweo na upi ni kaburi.
Akamkatia mashina ya muhogo, mafupi, kama vidole,
akamwambia: chomeka tu, huu hauulizi udongo wa nani.

Jina lake?

Mjomba akatazama mshumaa.
Shangazi Mujinga akataja moja, akalifuta,
akataja jingine, nalo likamponyoka.
Miaka yote ile ya kula
na hakuna aliyelihifadhi.
Nikaacha mstari mtupu juu ya Kalunde.

Umeme ulirudi karibu na alfajiri
na redio ya jirani ikaanza katikati ya neno.
Bukari ya jana ilikuwa imekauka ukingoni mwa sahani,
sombe imebaki kidogo chini ya sufuria.
Mama Feza akaja kuhesabu fedha,
akageuza daftari upande usio wake,
akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Huyu asiye na jina, alileta nini?"

"Muhogo," nikasema.

Akatazama sufuria. Akanirudishia kalamu.
"Basi umemweka nyuma kwa nini?
Mwandike mbele."